Waya Tuliouacha Bondeni

Fundi wetu mkuu wa nyaya tulimwita Buibui, naye hakuchukia. Kwa miaka thelathini na moja alipanda nguzo kama wengine tunavyokwenda dukani. Tangu mkewe afariki aliishi peke yake katika chumba nyuma ya stoo ya kazini: kitanda kimoja, kiti kimoja, na redio iliyosema zaidi kuliko yeye. Binti yake alimpigia simu kila Jumapili. Siku sita zilizobaki, mtu azungumze na nani?

Sisi watu wa nyaya tuna upofu wetu, na heri niuseme mwenyewe. Tunaogopa umeme, hatuogopi waya. Waya uliokatwa umeme tunauita marehemu. Tunauegemea, tunaanika makoti juu yake. Basi njia mpya ilipojengwa bondeni, Buibui alivua ile mipira myekundu ya kuwaonya marubani kwenye waya wa zamani, akaifunga kwenye njia mpya. Wa zamani akauacha unaning'inia, kilima hadi kilima.

"Huyo marehemu, atamuuma nani?" alisema.

Mimi nilikuwa chini nimeshika kamba. Nilicheka.

Wiki mbili baadaye, helikopta iliyokuwa ikipeleka dawa ilishuka bondeni, ikaukumba waya ule, ikaanguka kando ya mto. Rubani alikuwa peke yake. Alitolewa hai, lakini mguu mmoja ulikatwa. Redio ikatangaza kwamba aliruka chini mno kwa uzembe. Sisi tukauteremsha waya harakaharaka, tukafunga midomo.

Buibui akakonda. Akaacha kula nasi mchana. Siku moja nilipita chumbani kwake nikamkuta ameketi tu, redio imezimwa.

"Kaka, yaliyopita si ndwele," nikamwambia.

"Kwake hayajapita. Bado yuko wodini."

Hakuogopa jela. Aliogopa kwamba akisema, kazini sote tungemgeuzia mgongo, na nje yetu hakuwa na mtu. Nami, Mungu anisamehe, nilimkumbusha hilo.

Mwezi wa tatu tangu ajali akaniomba nimsindikize hospitali. Nilisita, nikaenda, nikaishia mlangoni. Rubani alikuwa amelala akitazama ukuta. Buibui akavua kofia, akaeleza yote: mipira, waya, maneno yake mwenyewe. Hakujitetea. Mimi hakunitaja hata kidogo.

Rubani akageuka kutoka ukutani, akamtazama.

"Niliiona mipira," akasema. "Nikakaa mbali nayo, kama nilivyofundishwa. Nikajua huku kwingine ni kweupe, hakuna waya. Niliwaambia wote, hakuna aliyeniamini. Hata baba aliniuliza nilikuwa nakimbilia nini."

"Kesho asubuhi nakwenda kwa wachunguzi," Buibui akasema. "Nitaandika na kutia sahihi."

"Asante, mzee. Lakini miezi mitatu nimelala hapa najiuliza macho yangu yana kasoro gani. Wewe ulikuwa wapi?"

"Chumbani kwangu. Peke yangu."

"Mngekuwa wawili mliojua, labda mmoja angekuja mapema," rubani akasema.

Buibui akainamisha kichwa. Mlango ulikuwa wazi nusu, na kitasa kilikuwa mkononi mwangu. Sikuingia.