Mahali Alipokata Dada Mkubwa

Wote pale kiwandani tulimwita Dada Mkubwa. Yeye ndiye aliyekuwa mkataji wetu wa vitambaa. Jamani, mikono ile! Futi shingoni, chaki sikioni, mdomo haupoi. Mimi nilipachika vifungo meza ya pili, na hadi leo nikisikia mkasi unakula kitambaa, namkumbuka.

Mwaka ule tulipewa sare za shule moja, watoto mia tatu. Dada Mkubwa aliwapima vifua mmoja mmoja, kila mtoto na kadi yake. Tajiri wetu akataka saizi tatu tu.

"Mdogo kabisa hamsini na sita, mkubwa themanini na sita. Gawa kumi-kumi, kazi kwisha!"

"Kwisha kwako," Dada akamjibu. Akazipanga kadi sakafuni, kuanzia kifua chembamba hadi kipana, akatuita. Kweli bwana, zilijikusanya mafungu matatu yasiyolingana, na mstari wa tajiri ulipita katikati ya fungu nene. Watoto wa mwili mmoja wangepewa saizi mbili.

"Mimi nakata hapa na hapa," akasema, akigusa palipokuwa na kadi chache.

"Zikirudi je?" tajiri akauliza.

"Zikizidi kumi, natoka kwa miguu yangu mwenyewe."

Tukacheka. Lakini Dada hakuwa na kazi nyingine, wala hakuitaka.

Shule ilifungwa miezi miwili. Ilipofunguliwa, sare zikagawiwa, na zikarudi kumi na moja, zote zinabana. Nikazitafuta kadi zao. Kila mtoto alikuwa chini ya mstari wa Dada kwa nusu sentimita tu. Kumbe walikuwa wamekua likizoni! Mafundi wazima, hakuna aliyelifikiria hilo.

Tajiri mwenyewe alicheka. "Kumi na moja kati ya mia tatu? Rudi mezani, mama."

"Nilisema kumi."

Nikamshika mkono. "Dada, imezidi moja tu!"

"Hata hao watoto walipungukiwa kidogo tu, mdogo wangu, na bado niliwapa saizi ndogo."

Nilimkasirikia, sifichi. Alizishona upya zote kumi na moja, akakunja aproni, akatuaga.

Mwaka uliofuata tulipima baada ya likizo, tukazipanga kadi sakafuni, tukakata pale zilipopungua. Haikurudi hata moja. Nikageuka kumwambia Dada, nikakuta meza yake tupu.