Kipande cha Saruji Mezani kwa Fundi

Habari ilinikuta nikisaidia kusukuma pikipiki kwenye matope ya njia ya Muheto. Dada yangu alipiga simu kutoka Hombo. "Kaka, fundi ametuacha," akasema. "Njo homa, ndiyo hiyo ilimubeba. Siku ine tu." Wanaonizoea kwenye safu hii, wanaojua mimi ni mtu wa maneno mengi, watashangaa kusikia kwamba nilikata simu nikaendelea kusukuma pikipiki. Marehemu hakuwa ndugu yangu. Alikuwa fundi wa kompyuta pale kando ya barabara Hombo, mtoto wa wafanyabiashara wa upande wa Butembo, Mkatoliki asiyekosa misa, na mbishi kuliko mimi, jambo ambalo si rahisi. Lakini kati yangu na yeye kulikuwa na neno moja nililoliahirisha mwaka mzima, nikijiambia nitalisema safari ijayo.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye milango miwili: huku kompyuta, kule mke wake akiuza maharage ya kutoka Masisi. Mizani ya maharage ilikuwa katikati, na ilitumiwa na wote wawili. Ukimletea alimantasio, kile kisanduku cha ndani kinachopokea umeme na kuugawia kompyuta nzima, hakusoma kwanza maandishi ya ubavuni. Alikiweka kwenye mizani. Kisanduku kizuri, alisema, kina shaba na vyuma vya kutosha ndani, kwa hiyo lazima kiwe kizito. Chepesi ni bati na rangi tupu. "Papa, karatasi inaweza kuandika wati elfu," alikuwa akiniambia. "Hata mimi naweza kuandika kwa shati yangu niko général wa jeshi." Wanunuzi wa maharage walicheka, lakini nilimwona akirudisha visanduku vitatu kwa siku moja, na wenyewe wakaondoka wakimnung'unikia.

Sasa dada yangu. Alipofiwa na mume aliuza ng'ombe wake wawili waliokuwa wakichungwa kwetu Nyabiondo, akafungua chumba cha michezo ya kompyuta Hombo, ambapo madereva wa malori yaliyokwama hucheza mpira na mbio za magari wakisubiri barabara ikauke. Chumba hicho ndicho kinacholisha watoto wake. Alitaka mashine moja kubwa, yenye kadi ya picha yenye nguvu, ili watu wasivuke kwenda kwa jirani. Fundi akakaa naye akamfundisha, nami nikasikiliza. Akamwambia kompyuta ya michezo haili sawasawa: kwenye orodha ya wachezaji imetulia, mpira ukifika golini inameza umeme wote kwa mara moja. "Usihesabu chakula ya siku ya kawaida, Mama. Hesabu ya siku ya arusi. Kadi ikitaka wati mia ine, na vingine mia mbili, tafuta mia saba na makumi tano ya kweli, ibakie nafasi ya kupumua." Kisha akasema kwamba atakwenda Bukavu kuchagua mwenyewe, akimaliza kazi za wiki ile.

Nani aliyemwomba huyu kaka mtu ajiingize? Hakuna. Nilikuwa na safari ya Bukavu, nikanunua mimi. Kisanduku cheusi, kizuri, kina taa za rangi, wati mia saba na hamsini kwa maandishi makubwa, na karatasi ya dhamana iliyobandikwa juu ya parafujo. Fundi alikipima, kikawa kizito, hata akainua nyusi. Lakini hakuridhika. Alikitikisa karibu na sikio, akachukua bisibisi. "Nifungue kidogo, nione." Nikamwambia aache, akipasua ile karatasi dhamana imekufa. Akasema tena kwamba afadhali dhamana ife kuliko mashine ya Mama. Hapo nikapandisha sauti, wasomaji wangu, kama mjinga. Nikamuuliza mizani yake inafanya kazi kwa wengine tu, au inasema uongo kikiletwa kitu na mimi? Mke wake aliacha kupima maharage. Fundi akarudisha bisibisi mfukoni, akafunga kile kisanduku ndani ya kompyuta ya dada yangu.

Kiliishi siku tisa. Siku ya kumi, Jumapili baada ya misa, chumba kimejaa madereva, mchezo umefika kwenye penalti, paa! Moshi, giza kwenye skrini, na kadi ya picha ikaungua pamoja nacho. Dada yangu alikaa chini sakafuni, palepale. Fundi aliitwa, akaja na nguo zake za misa, akafungua kile kisanduku mbele ya watu wote. Ndani, kando ya vijiwaya vyembamba, kulikuwa na kipande cha saruji kilichozungushiwa karatasi na kubandikwa kwa gundi. Kiliwekwa ili kuwadanganya watu wanaopima uzito kwa mkono. Fundi angeweza hata kulisingizia jenereta. Kwetu kila kinachokufa kimeuawa na jenereta, au mvua, au barabara, na hakuna ambaye angembishia. Akainuka akasema, "Njo mimi nilikosea. Nilipima, sikufungua. Bantu yote muko hapa, musikie, kosa iko yangu." Mimi nilikuwa mlangoni. Alinitazama mara moja, akasubiri kidogo, kisha akaangalia pembeni. Nami nikanyamaza.

Alichomoa alimantasio ya kompyuta yake mwenyewe akampa dada yangu, na kadi akaitafuta miezi miwili mpaka ikapatikana. Lakini neno lilikuwa limeshatoka: fundi wa mizani amedanganywa na saruji. Madereva walimtania kwa mlio wa honi wakipita, na wateja wengi wakavuka barabara kwenda kwa mwingine ambaye hakupima chochote wala hakukubali kosa lolote. Yeye aliweka kile kipande cha saruji mezani, karibu na mizani. Kila aliyekuja kuuliza achague kisanduku gani alionyeshwa kwanza kipande hicho. "Hii njo ilinishinda," alisema. "Sasa nafungua yote, hata ukikasirika." Nilipita pale mara tano au sita baada ya hapo. Kila mara alinikaribisha, akanipa kiti, akaniuliza habari za Nyabiondo. Mimi nikaongea juu ya bei ya maharage.

Kwenye kilio nilimkuta dada yangu akiosha masufuria na mke wa marehemu. Nikamvuta kando nikamweleza yote, bisibisi, dhamana, sauti yangu iliyopanda. Hakushtuka. "Nilijua, kaka. Siku ile ulinyamaza, na wewe haunyamazake." Nikamuuliza kama fundi ndiye aliyemwambia. "Yeye? Hata siku moja. Nilimuulizaka, akasema kaka yako alinunua kwa roho nzuri." Machozi yakanitoka, sioni haya kuyataja. Nikaanza kumwomba msamaha, akanikata: "Usiniambie mimi. Bale bantu ya barabara njo walimucheka. Ambia bale."

Basi nawaambia, madereva wa barabara ya Hombo, na ninyi mliovuka kwenda kwa fundi mwingine. Kipande cha saruji bado kiko mezani, mke wake amekataa kukiondoa. Nimejifunza kwamba kosa lako yafaa ulikiri wakati yule aliyekubebea bado yuko dukani kwake na anaweza kukusikia, kwa sababu mimi sasa naandika vizuri sana na yeye hasomi. Alitaka kukifungua kisanduku kile. Aliomba mara mbili, na mimi ndiye niliyekataa.