Msimamizi wa Ploti Aliyehamia Ujerumani

Waliosema fimbo ya mbali haiui nyoka hawakuwahi kupanga kwa Lusweti. Sisi wa Kware, Nairobi, tulichapwa na fimbo iliyokuwa Ujerumani, na tukachapika.

Lusweti alikuwa msimamizi wa ploti yetu, gorofa nane, vyumba vimebanana hadi ukikohoa jirani anakuambia pole. Kazi yake ilikuwa kufungulia maji, kusumbua wachafu na kugonga milango ya wanaochelewesha kodi. Aliifanya kwa roho mbaya tangu mwanzo, hilo nitalisema hata mbele ya mchungaji. Kisha mkewe Vivian, muuguzi, akapata kazi katika mji mdogo wa huko Ujerumani, na baadaye akamwita mumewe. Tukadhani tumepona. Mimi huuza omena na sukuma langoni. Nilimfungia omena ya safari bila kumtoza, kwa furaha ya kumuaga.

Kumbe alikuwa ameondoka na kazi yake. Kabla ya kusafiri alimshawishi Mama Mutheu, mwenye ploti, aweke kamera langoni na kila korido kwa sababu ya wezi, na pampu ya maji iwe ya kuwashwa kwa simu. Mama Mutheu anaishi Kitengela na kuja kwake ni kwa nadra, basi akakubali. Habari za Ujerumani hakuambiwa. Chumba cha Lusweti, kando ya lango, kikabaki na kufuli, na nje ya mlango akaacha gambuti zake, vile viatu vya mpira vya kazi, ili ionekane mwenyewe ametoka kidogo tu.

Kamera za korido zilikuwa na spika. Umeinama unafua, sauti inakushukia kutoka darini kwamba karai lako linaziba njia. Unamkaripia mtoto, sauti inaingilia. Beldina wa gorofa ya tatu alipotembelewa na mgeni wa kiume, aliulizwa kama mgeni atalala au ataondoka, na korido nzima ikasikia.

Kero kubwa ilikuwa maji. Watu wa ploti yetu ni wa viwandani, alfajiri wako njiani kwa miguu. Zamani Lusweti alifungulia kabla hawajatoka. Sasa alfajiri yetu ilimkuta yeye bado amelala huko kwao, na wanaume wazima wakaenda kazini na uso mkavu. Ukimpigia kulalamika, anakuuliza kama unataka ahamie kwenye tangi. Tungemshtaki, lakini nambari ya Mama Mutheu alikuwa nayo yeye peke yake.

Huko kwenyewe, nilikuja kusikia, alikuwa akishinda chumbani. Lugha hajui, kazi hapewi, mjini hakuna anayemsalimu. Vivian akitoka, yeye anabaki na simu kutuchunga. Sikumhurumia. Mtu mpweke hununua redio, hawawekei wenzake kamera.

Siku pampu ilipoungua, Lusweti alilazimika kumwarifu Mama Mutheu, naye akaja mwenyewe na fundi. Akampigia Lusweti, naye akajibu kama Mnairobi yeyote aliyechelewa: yuko sokoni Gikomba anatafuta kipuri, amekaribia, anaingia mtaa wa Pipeline saa hii. Mama akaketi kwenye benchi yangu kumngoja. Alipopiga tena, kulikuwa na jam ya magari. Akaanza kutazama zile gambuti mlangoni. Ndani ya moja buibui alikuwa ameshatandaza utando na kutaga mayai.

Hapo simu yangu ikaita. Ni Lusweti. Alikuwa akituona kwenye kamera ya lango, ambayo kwa bahati yetu ilikuwa na macho bila masikio.

"Mama Celine, nakuomba," akasema. "Mwambie nimepita hapo saa hii, nimerudi Gikomba. Hii kazi ikiisha, huku mimi ni bwana ya Vivian tu."

Labda mtu mwema angedanganya. Lakini asubuhi hiyo Celine wangu alikuwa ameenda shule bila kuoga, na si mara ya kwanza. Nikakata simu, nikamgeukia Mama Mutheu.

"Mama, usimngoje," nikamwambia. "Lusweti yuko Ujerumani. Mwaka umepita."

Nilitarajia moto. Mama Mutheu alicheka, tena kwa raha, akaniuliza kama ploti ilikuwa ikiendeshwa kwa simu muda huo wote. Nikamjibu kwamba ndiyo, vibaya, lakini ndiyo.

"Kumbe inawezekana," akasema. "Basi hata mimi naweza kuketi kwangu nikaifanya. Ya nini kulipa mtu?"

Hakumpigia Lusweti tena. Fundi alibadilisha pampu, kisha akabadilisha na nywila za kamera. Siku hizi maji hutoka Mama Mutheu akikumbuka, na tukimpigia hashiki. Inaniuma, lakini ningeulizwa tena ningejibu vilevile.

Kesho yake Lusweti akanipigia. Alianza kwa kunishukuru. Alikuwa amemwona mama akicheka, akajua nimemsitiri, na hilo akasema hatalisahau.

"Lakini leo sioni kitu," akasema. "Korido zote ni giza. Stima imepotea huko?"

Nilikuwa nimesimama chini ya taa.

"Stima iko," nikamwambia. "Wewe ndiye umezimwa."

Nilimweleza yote, hata lile la kucheka. Kisha akaniomba niwe nikimpigia jioni nimweleze tu nani ameingia na nani ametoka. Si kwa ubaya, ajue tu. Nikamwambia achunge majirani wake wa huko.

"Siwajui. Hata huyu wa mlango wa pili simjui jina."

"Basi gonga umuulize," nikasema, nikarudi kwa wateja wangu.