Tarehe Moja, Mambo Matatu

Mwanangu, ipo siku moja nikiikumbuka hucheka mpaka mbavu zikauma. Ilikuwa Jamhuri Dei, tarehe kumi na mbili Disemba, mwaka wa tisini na saba. Wakati huo nafua mashuka hotelini Diani, shule nimeiachia darasa la sita, lakini kwa kujifanya najua, usinione!

Siku hiyo mjomba wangu Salimu na wazee wenzake walikwenda Msambweni kuniposea Mwanasha. Kwetu wajua, mwenye kuoa hubaki nyumbani, wazee ndio wasemao. Mimi kungoja nikashindwa. Nikajitwika sinia la tambuu ya posa, nikawafuata, ati mpagazi!

"Basi usifungue mdomo," mjomba akanionya.

Maneno yakaenda vizuri. Mzee Rashidi, babake Mwanasha, akachangamka. "Mumechagua siku kubwa. Tarehe ya leo ina mambo matatu."

Mdomo wangu huo! "Matatu ya wapi, mzee? Ni moja tu, uhuru. Jamhuri ni jina lake la pili."

Mjomba akafumba macho.

"Huyu mbeba sinia ni nani?"

"Ndiye... ndiye mwenyewe," mjomba akajibu.

Mzee akasimama. "Sikiliza, bwana harusi. Sitini na tatu nilikwenda Kwale kwa miguu, tukapata uhuru, lakini malkia bado yuko juu yetu. Mwaka wa pili, tarehe ile ile, tukawa jamhuri, tukapata rais wetu. Nikaenda tena, kwa miguu hii hii! Na la tatu: tarehe hii alizaliwa Mwanasha. Wataka kumuoa na siku yake huijui? Rudini mwakani, tarehe hii. Na huyu mumwache kwao!"

Nyuma ya pazia ikatoka sauti: "Mwaka mzima, baba?"

Nusura niruke kwa furaha, na huku nimefukuzwa!

Mwaka ule, mwanangu, niliuhesabu shuka kwa shuka. Disemba ikafika, wazee wakaenda, mimi nikajifungia chumbani. Alasiri nikasikia vigelegele vyaja njiani. Nilitoka mbio na kiatu kimoja!

Basi nakwambia mwanangu, mtu mzima akikuhesabia mambo, mwache afike la mwisho. Huenda hilo la mwisho ndilo lako. Mimi kwa kumkata mzee kauli nilijicheleweshea mke mwaka mzima. Mwenyezi Mungu akupe masikio mapana kuliko mdomo, na vigelegele vyako vije mapema. Amin.