Vidole Viwili vya Nyongeza

Mimi nauza ndizi Keumbu, kando ya barabara, na nimeziuza tangu binti yangu akiwa mgongoni mwangu. Shule niliachia darasa la tatu, huko upande wa Nyamira nilikozaliwa, kabla sijaolewa huku Birongo. Kichwa changu hakikujazwa vitabu, kwa hivyo kikabaki na nafasi ya majina. Mtu akinunua ndizi kwangu mara moja, nalijua jina lake na la mama yake, na mlima aliotoka. Lakini hapa sitataja hata moja. Mjukuu wangu aliniambia jina la mtu mwenye shida si la kutembezwa sokoni, wala yeye mwenyewe si wa kuvutwa, na njia aliyonifundishia hayo ndiyo nataka kusimulia.

Mjukuu huyo ni binti wa binti yangu. Babu yake, Mungu amlaze pema, alikuwa akimwita mke wake mdogo, basi mimi humwita mke mwenzangu, naye ananiita hivyo hivyo. Kwetu nyanya na mjukuu wanataniana bila kuogopana. Yale hawezi kumwambia mama yake, ananiambia mimi.

Siku aliyokubaliwa kuwa wakili tulikodi gari la watu wa nyumbani tukaenda Nairobi na chupa za chai na ndizi mbivu. Akasimama mbele ya jaji amevaa joho jeusi, kiatu kinang'aa. Tulikuwa tumeonywa mapema tusifanye kelele, lakini vigelegele vilinitoka vyenyewe. Askari akaja akainama sikioni mwangu.

"Mama, hapa ni kortini."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimepunguza."

Akafungua ofisi yake papo hapo Keumbu, ghorofani juu ya duka la dawa, ng'ambo ya barabara nikitazamana nayo. Kibao chake kilikuwa kidogo, cheupe, jina na kazi, basi. Nilimwuliza mbona asiandike kwa rangi nyekundu kama watu wa simu. Akasema hairuhusiwi. Nikafikiri ni rangi tu iliyokatazwa.

Mawakili wengine wote wa hapo walikuwa wanaume. Yeye peke yake ndiye mwanamke, tena mdogo wa umbo kama mimi. Watu walikuwa wakipanda ngazi, wanamkuta mezani, wanamwuliza, "Dada, wakili anafika saa ngapi?" Anawajibu, "Ameshafika, keti." Mzee mmoja wa Nyamache aliketi, akaendelea kungoja. Alipoambiwa wakili ndiye huyo, akasema atarudi wiki ijayo, labda atakuwa amefika mwingine.

Tulicheka sana jioni hiyo, lakini mimi moyoni nilikuwa nimeumia. Kutoka kibandani kwangu nilikuwa naziona zile ngazi. Zilikuwa hazina mtu.

Sasa, ndizi haijiuzi. Ukiketi na ndizi zako kimya, jioni utarudi nazo zimeiva kupita kiasi. Lazima uite, usifu, ukubali kutaniwa, na mtu akishanunua umwekee nyongeza, kidole kimoja au viwili vya ndizi juu, arudi kesho. Hiyo ndiyo kazi niliyoijua, nikaifanyia mjukuu wangu. Mtu akisimama kwangu namwambia, "Una neno la shamba? Una kijana ameshikwa? Panda pale juu ya duka la dawa. Huyo msichana ni moto. Wale wengine wanakuambia rudi kesho mpaka unazeeka." Na nikaongeza la kwangu: "Ukienda kumwona, ukirudi hapa nakuwekea vidole viwili."

Wenzangu wa nyanya na sukuma wiki wakanisaidia kuita. Ngazi zikaanza kupata watu. Mjukuu wangu akafurahi, akidhani Keumbu imemzoea.

Jumapili moja akasimama mwanamume wa makamo, amevaa sweta, anaelekea kwao Nyamira kusalimia wazazi. Huyo sikuwa namjua, na mtu nisiyemjua ndiye mtamu zaidi kuuzia. Akachagua chane mbili. Nikampa hotuba yangu yote.

"Huyo wakili ni wako, mama?"

"Ni mke mwenzangu."

Akacheka. "Na kama mimi nina wakili tayari?"

"Mwache. Wa kwako anakula tu. Huyu hajaanza kula. Kesho ofisi iko wazi, enda umwone, kisha upitie hapa uchukue vidole vyako viwili."

Kumbe mtu huyo ni wakili wa siku nyingi, ofisi yake Kisii mjini, na ndiye mwenyekiti wa mawakili wa pande zetu. Kazi yake ni kuangalia mwenzao asitoke nje ya sheria zao. Jumatatu alipanda zile ngazi, akabisha mlango, akamwambia mjukuu wangu, "Nimetumwa na mama wa ndizi. Ameniahidi vidole viwili."

Jioni mjukuu wangu alikuja nyumbani hajavua hata koti. Nilikuwa nasonga ugali, mboga ya chinsaga iko tayari. Akaketi kwenye kigoda cha babu yake.

"Mke mwenzangu, umeshindwa kesi?"

"Magokoro," akaniita, yaani nyanya, "wewe umekuwa ukinipigia debe sokoni?"

Nikasema ndiyo, kwa kiburi kabisa, nikingoja kushukuriwa. Ndipo akanieleza. Wakili haruhusiwi kutafutiwa watu njiani, wala kuwapa kitu ili waje. Wakubwa wakiandikia nyumba yao kuu Nairobi kwamba ameweka broka wa kumtafutia watu, leseni inaweza kusimamishwa, na yeye hajamaliza hata mwaka. Wanatuita sote wawili Alhamisi, Kisii.

"Lakini mimi si broka. Mimi ni nyanya yako."

"Wao watajuaje?"

"Na ubaya wake uko wapi? Sikudanganya mtu. Wewe kweli ni moto."

Hakucheka. Akaniuliza, "Unakumbuka siku tulienda kortini kwa sababu ya shamba la babu?"

Nilikumbuka. Alikuwa mtoto, ameshika leso yangu. Nilikuwa mjane mpya, shemeji yangu ametaka kuuza shamba nikiwa bado ndani ya matanga. Kabla sijafika langoni, wanaume wakanizingira. Mmoja alinishika mkono huu, mwingine ule, kila mmoja anasema wakili wake ndiye mzuri, wale wengine ni wezi. Aliyenivuta kwa nguvu ndiye alinipeleka kwa mtu mwenye suti aliyechukua hati yangu ya shamba. Baadaye tukagundua mwenye suti hakuwa wakili hata kidogo. Hati tuliipata kwa sababu kaka yangu ni mtu wa fujo na alimketia mlangoni.

"Mimi niliamua siku hiyo nitasomea sheria," mjukuu wangu akasema. "Mtu akija kununua ndizi, hana haraka. Anayetafuta wakili ni kama mtu anayezama. Ukimnyooshea fimbo yoyote anaishika. Ndiyo maana haturuhusiwi kumvuta."

Ugali ulikuwa umeanza kuungua. Niliugeuza, nikampa sehemu isiyoungua, tukala. 

Alhamisi nilivaa gauni langu la Sabato. Chumbani walikuwa wanaume wanne na mama mmoja mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, na ukutani picha za wenyeviti wa zamani, masharubu matupu. Yule wa sweta alikuwa amevaa tai leo. Mjukuu wangu alisimama akasema kosa ni lake, angepaswa kujua kinachosemwa mbele ya ofisi yake mwenyewe, na kwamba hakunituma. Niliona kidole gumba chake kinasugua kingine, vile alivyokuwa akifanya akiwa mtoto.

Mmoja wao, mwembamba, akasema hawa wanaoanza wanataka kupanda mti kutoka juu. Yule mama wa mvi akamgeukia.

"Pale langoni mwa korti kuna wanaume wanavuta watu kila asubuhi. Tunajua wanampelekea nani. Ni lini tuliwaita hapa? Ama tulingoja broka awe nyanya?"

Wakatazama karatasi zao. Mwenyekiti akasema ni kweli, hao pia wataitwa. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama, nani alikutuma?"

"Ngazi."

"Ngazi?"

"Nilikuwa naziona hazina mtu."

"Alikulipa?"

"Anilipe na nini? Chakula cha mchana anakula kwangu, ndizi."

Hapo wakacheka, hata yule mwembamba. Lakini sikutaka kuwatoa njiani kwa kicheko, kwa sababu leseni ilikuwa bado iko mezani. Nikawaambia habari ya siku ile kortini. Nikavuta mkono wa gauni nikawaonyesha mahali niliposhikwa, ingawa hakuna alama. Nikasema, "Sheria yenu siijui. Lakini mkono wa kuvutwa naujua. Sikujua kwamba mimi ndiye nimekuwa yule mwanamume wa langoni. Huyu mtoto alinishikia leso siku hiyo. Msimwadhibu kwa kosa la mkono wangu."

Walitutoa nje, tukaketi kwenye benchi. Mjukuu wangu akaegemea bega langu, na suti yake yote. Nikamwambia wakimfukuza nitamgawia nusu ya kibanda, lakini lazima ajifunze kuita watu. Akasema kwa sauti yake atafukuza hata nzi. Tulipoitwa ndani tulikuwa bado tunajifuta machozi ya kucheka, nao wakadhani tulikuwa tunalia.

Hawakuandikia Nairobi. Alionywa. Na mimi nikapewa kazi: nirudi pale pale nilipokuwa nikiita, niwaambie watu kwamba ile nyongeza haikuwa halali na imekwisha. Na mtu akiniuliza wakili, nimtajie wote wa Keumbu au nisimtajie yeyote.

"Wote," nikasema.

"Mama, itabidi ujifunze majina yao," mwenyekiti akasema.

Mjukuu wangu akaangalia chini akibana midomo. Alijua.

Siku ya soko nilipanda juu ya kreti la soda nikatangaza. Wenzangu wa nyanya walipiga makofi kama niko kanisani. Tangu hapo, mtu akija na neno la shamba, nampa mawakili wote wa Keumbu, kuanzia upande wa Keroka kushuka, kila mmoja na jina lake, na la mama yake, na mlima aliotoka. Mjukuu wangu namtaja mahali pake, wa tatu, baada ya yule wa karibu na kinu cha posho. Simsogezi mbele, ingawa ulimi unaniwasha. Nikimaliza, mtu amechoka kusimama.

Wiki iliyopita yule mzee wa Nyamache alirudi. Alisikiliza orodha yote mpaka mwisho, akauliza, "Huyo wa tatu, jina ni la mwanamke?"

"Ni la mwanamke."

"Ameshafika?"

"Kibao kiko pale, mzee. Ukiwa na macho utaona."

Akavuka barabara polepole, akapanda ngazi, na hakushuka mpaka nimeuza chane tatu.

Jioni hiyo hiyo mwenyekiti akasimamisha gari, anaelekea kwao, sweta lile lile. Akachagua ndizi, nikamfungia, nikamwekea vidole viwili juu. Akavitazama.

"Mama, si tulisema nyongeza imekwisha?"

"Hiyo ya wakili ndiyo imekwisha. Hii ni ya ndizi."

Akavila papo hapo akiwa amesimama, mbele ya ofisi zote, akatupa maganda kwenye debe langu.