Kamera Mbili Zikingoja Joto

Dukani hapa Uvira, mama mpiga picha za ndoa alilinganisha kamera mbili za kisasa, zile zisizo na kioo ndani, moja ndogo na moja kubwa.

"Hii ndogo, foto zake iko muzuri kupita," muuzaji alisema.

"Na video?"

"Pia, mama!"

Mama akaziwasha zote zirekodi, akakunja mikono. "Tungoje. Kesho niko na ndoa Makobola, na pasta wetu hahubiri dakika kumi tu."

"Weye unaniharibia kazi!" Muuzaji alijifuta jasho. Sisi wateja tulikodoa macho.

Haikufika nusu saa, ile ndogo ikajizima kwa joto; kubwa ikaendelea kurekodi.

"Ingezimika wakati wa kiapo, miye ningeambia maharusi nini? Waape tena?" Mama akalipia ile kubwa.

Muuzaji akanung'unika: "Ndogo ni ya foto tu." Angeanza na hilo, pengine angeuza zote mbili.