Kaka Désiré, aliyenifundisha kutofuta nisichokijua

Tangu jana asubuhi naisoma meseji ya shemeji na bado haijaniingia akilini. Kaka Désiré ametutoka. Madaktari wamesema ni moyo.

Wengi wenu hamkumjua. Naomba niwaambie alikuwa nani.

Mrundi, mkazi wa Jeppestown, fundi wa seva kwenye ghala la dawa ninapofanya kazi hapa Midrand, Afrika Kusini. Mpole. Sweta la kijivu mwaka mzima, maana chumba cha seva kina baridi.

Binti yake alimjibu kwa Kizulu kila alipomsemesha Kiswahili, naye aliendelea na Kiswahili chake bila kuchoka. Ndivyo alivyonifundisha na mimi.

Nilitoka Tanga na cheti cha kompyuta, nikapangwa IT chini yake. Nilikuwa bado kwenye probation, miezi ya majaribio, asubuhi ile seva ilipogoma.

Lebo za mizigo hazitoki, malori yamejaa uani, ndani kuna insulini ya kliniki ambayo haitakiwi kupata joto. Diski ilikuwa imejaa pomoni, seva haina pa kuandika hata herufi moja.

Kaka alikuwa amekwama kwenye foleni barabarani. Meneja kasimama nyuma yangu. Nikaona folda moja kubwa kuliko zote, jina lake silielewi, nikaamua huo ndio uchafu. Sijui nini kilinifanya nimpigie kaka kwanza kumwambia naifuta.

Akaniambia: "Dada, doucement, polepole. Hapana kufuta kitu ambacho hujajua kazi yake."

Ile folda ilikuwa na oda zote za kliniki zote tunazozihudumia. Eish.

Akaniuliza ni sehemu ipi ya diski iliyojaa, maana seva ile ilikuwa na kadhaa. Sikuwa hata nimeangalia. Kisha tukapima folda moja baada ya nyingine, tukifuata iliyo kubwa na kuingia ndani yake, bila kugusa kitu.

Mwisho tukalikuta: faili la logi, daftari ambamo programu huandika matukio yake. Programu ya kuprinti lebo ilikuwa ikiandika kosa lilelile kwa wiki nzima, mpaka ikamaliza nafasi yote.

Akataka ninakili mistari ya mwisho kwenye diski ya nje, tujue kosa lilikuwa nini. Halafu nilimwage lile faili libaki tupu, nisilifute.

Mistari niliinakili, lakini kwa papara faili nikalifuta. Nafasi haikurudi hata kidogo, na machozi yakaanza kunilenga.

Hakupandisha sauti. Akanieleza kwamba programu bado imelishikilia lile faili, na ikiliachia nafasi itarudi. Niwashe upya programu hiyo tu, nisiguse seva nzima.

Nikafanya hivyo. Nafasi ikarudi, lebo zikaanza kutoka, na lori la kwanza likaondoka na insulini yake.

Alipofika nilijua nitagombezwa. Badala yake akamwambia meneja: "Rehema ndiye aliyeirudisha. Mimi nilikuwa kwenye gari."

Kuhusu ile folda ya oda hakumwambia mtu maisha yake yote. Leo naisema mwenyewe.

Mchana akanikalisha tukarekebisha kosa lenyewe. Tukapanga logi za zamani ziwe zinaondolewa zenyewe, na onyo litufikie mapema kabla diski haijajaa. Kila hatua alinieleza sababu yake, kisha akanipa kibodi nifanye mimi.

Nikapita probation. Mwaka huu nimepewa timu yangu, na nilikuja kujua baadaye kwamba barua ya kunipendekeza aliiandika yeye. Hakuwahi kuitaja.

Kaka, Jumamosi tunakuja kukuaga. Sisi wanawake wa Tanga tumeshakubaliana na dada zetu wa Burundi: shemeji hatagusa sufuria wiki hii, na binti yako hatarudi kwenye nyumba tupu akitoka shule.

Asante kwa kunivumilia. Mungu akupokee kwa upole uleule uliotupa sisi.

Ulale salama, mwalimu wangu.